Wimbo na sauti darasani: mwongozo kamili kwa walimu wa darasa la kwanza hadi la tatu

Darasa zima linaimba "ba, be, bi, bo, bu" bila kukwama. Mwalimu anaandika "bo" peke yake ubaoni, anamnyooshea kidole mwanafunzi mmoja, na mtoto ananong'ona kuanzia "ba" mpaka anafika. Hajaisoma "bo", ameifikia kwa kuhesabu. Ndivyo ilivyo pia kwa anayeimba jedwali lote la tatu kila akiulizwa tatu mara saba.

Wimbo unashikisha mfululizo upesi, na hiyo ndiyo nguvu yake. Lakini kusoma na kuhesabu kunataka mtoto atambue kipande kimoja popote atakapokikuta. Kwa hiyo wimbo wa somo una kazi mbili: kuingia kichwani, kisha kuvunjwa. Ya kwanza shule zetu zinaifanya vizuri. Ya pili husahaulika, na mwongozo huu umeegemea huko zaidi.

Darasa tunalolizungumzia lina watoto 60 hadi 90, paa la bati, ukuta usiofika juu, kipindi cha dakika 30, na umeme wa kubahatisha au usiokuwepo kabisa.

Nini kiimbwe, nini kisiimbwe

Yanayofaa kuimbwa ni yale yenye mpangilio (silabi, siku za wiki, miezi, majedwali), sauti zinazochanganya, msamiati mpya, na hatua za kazi kama kunawa mikono au kutoa kwa kuchukua. Yasiyofaa ni yale yanayotaka mtoto aelewe sababu. Ukiimbisha "mmea unahitaji maji, hewa na mwanga", utapata watoto wanaojua orodha na wasiojua mmea uliowekwa kabatini utapatwa na nini. Imba orodha ukitaka, lakini kaoneshe mmea.

Kila wimbo ubebe jambo moja tu. Wimbo wa herufi uliochomekwa majina ya wanyama, rangi na usafi wa mwili unachangamsha, ila mwisho wa wiki huwezi kujua umefundisha nini.

Kutunga maneno: mizani na mkazo

Sikio la Kiswahili limezoea kipande cha mizani 8, yaani silabi 8, maana mashairi mengi ya mapokeo yana mishororo ya mizani 16 iliyogawanywa nane kwa nane. Tumia mishororo minne ya mizani 8, kila mshororo ukiwa na makofi manne, yaani mizani mbili kwa kofi moja.

Kisha angalia mkazo. Katika Kiswahili mkazo unakaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho wa neno: sa-MA-ki, a-na-KU-la. Kofi likianguka kwenye silabi isiyo na mkazo, watoto wanalipinda neno ili lifuate kofi, na wanalibeba hivyohivyo hadi kwenye kusoma. Hii ndiyo sababu nyimbo zilizochukua lahani (mwendo wa sauti wa wimbo) ya Kiingereza na kupachikwa maneno ya Kiswahili mara nyingi hazikai vizuri. Lahani ile ilijengwa juu ya maneno ambayo mkazo wake unakaa kwingine.

Huu ni wimbo wa sauti ng':

Ng'ombe anakula nyasi,
Kule ng'ambo ya mtoni,
Jua linang'aa sana,
Ng'ombe anakunywa maji.

Hesabu mizani, ukikumbuka kwamba "m" ya "mtoni" ni silabi kamili. Makofi yanaanguka kwenye mizani ya 1, 3, 5 na 7, na mikazo yote imekaa humo. Sasa jaribu kuweka mshororo wa mwisho uwe "Ng'ombe arudi zizini". Mizani bado ni 8, lakini mkazo wa a-RU-di uko kwenye mizani ya 4, katikati ya makofi mawili. Imba utasikia panavyokwaruza. Kabla ya kuingia na wimbo darasani, andika kila mshororo, pigia mstari silabi zenye mkazo, halafu upige makofi ukisema maneno bila kuimba. Panapogongana, badilisha neno.

Kiswahili hakina toni, kwa hiyo lahani inaweza kupanda na kushuka bila kugeuza maana. Mwalimu anayetunga kwa lugha ya nyumbani ya watoto asichukulie hivyo. Lugha nyingi za Kibantu zinazotuzunguka zina toni, na lahani mbaya inaweza kuleta neno jingine kabisa.

Lahani na kimo cha sauti

Wanakwaya wanaijua solfa, yaani noti zinazoandikwa kwa herufi d r m f s l t (do, re, mi, fa, so, la, ti), basi tuitumie. Kwa watoto wa miaka 6 hadi 9 tumia d r m s l peke yake. Acha f na t, kwa sababu nusu hatua kati ya m na f, na ile kati ya t na d ya juu, ndipo darasa la watoto 80 hutawanyika. Wimbo wetu unaweza kwenda hivi:

s s l s | m m s s
m m s m | r r d d
s s l l | s s m m
m r d r | m r d d

Weka d kwenye D, ile iliyo juu kidogo ya C ya katikati ya kinanda. Programu yoyote ya kinanda kwenye simu itakupa noti hiyo. Hapo l inakuwa B, na sauti za wengi wa umri huo zinakaa ndani ya eneo hilo bila kukaza shingo. Ukianzia chini zaidi, watoto wanaongea badala ya kuimba. Ukianzia juu, wanapiga kelele.

Mwalimu wa kiume ana tatizo lake. Akiimba kwa sauti yake ya kawaida, yuko oktavo nzima chini ya watoto. Baadhi watapanda wenyewe, wengine watajaribu kumfuata kule chini na kuishia kunguruma. Tafuta mtoto mmoja au wawili wanaoshika sauti sawasawa, wafundishe wimbo mapumzikoni, kisha wao ndio waanzishe na wewe uelekeze kwa mkono.

Kasi iwe kama makofi 20 kwa sekunde 15. Itapanda tu, maana watoto wengi wakipiga makofi pamoja huharakisha, na ifikapo mara ya tatu silabi zimeanza kumezwa. Waambie wapige kwa vidole viwili juu ya kiganja badala ya viganja viwili. Kasi inatulia, na darasa la jirani linakushukuru. Ukiwa na ngoma au kayamba, mpe mtoto mmoja tu. Kayamba kumi mikononi mwa watoto kumi si muziki. Kama hakuna kayamba la matete, chupa ya plastiki ya nusu lita yenye mchele au mbegu kavu hadi kama sehemu moja ya tano inatosha. Ukijaza zaidi ya hapo mlio unakufa kwa sababu mbegu hazina nafasi ya kuruka. Funga kifuniko kwa gundi, vinginevyo mbegu zitakwenda mdomoni na masikioni.

Wiki moja ya wimbo mmoja

Siku ya kwanza, dakika 8. Imba wimbo wote mara mbili, mikono ya watoto ikiwa magotini, wakisikiliza tu. Kisha mshororo kwa mshororo: wewe unaimba, unanyamaza, wao wanarudia. Nyamaza kweli. Mwalimu anayeimba juu ya sauti za watoto hasikii kwamba "ng'ombe" imekuwa "ngombe", na mwisho wa wiki darasa zima limelishika kosa kwa furaha kubwa.

Siku ya pili, andika maneno ubaoni kwa herufi kubwa za kutosha kuonekana nyuma, kisha pitisha kijiti chini ya silabi wakati ileile inapoimbwa. Kijiti kikitangulia au kikichelewa, jicho na sikio vinaachana, na mtoto anaimba huku akitazama neno lingine. Ukichoka, punguza kasi ya wimbo. Usiruke silabi.

Siku ya tatu unaanza kuvunja:

1. Waimbe wote, lakini kila wakifika neno lenye ng' wanyamaze na kupiga kofi tu. Kisha walisome neno hilo ubaoni bila lahani.
2. Anzia mshororo wa tatu. Wengi watakwama, na kukwama huko ndiko kunakokuonesha nani anafuata maandishi na nani anafuata mkondo.
3. Andika mishororo minne kwenye vipande vinne vya manila, vichanganye, na watoto waimbe kwa mpangilio uliokaa ubaoni, hata kama ng'ombe anakunywa maji kabla ya kula nyasi.

Siku ya nne, leta kadi zenye maneno ambayo hayamo kwenye wimbo: ng'oa, ng'ara, nguo, ngazi, ngoma. Unasoma, wao wanainua mkono wakisikia ng' na kuuacha chini wakisikia ng. Waambie wafumbe macho. Wakiwa macho wazi, nusu ya darasa huinua mkono kwa kumtazama aliyekaa mbele.

Siku ya tano hakuna wimbo. Imla ya maneno matano, mawili ya kwenye wimbo na matatu mapya.

Kwa silabi, kuvunja ni rahisi zaidi: imbeni "ba be bi bo bu" mara moja, kisha kinyume, kisha kijiti kiruke kinavyotaka huku lahani ikiendelea ileile. Lahani inayobaki wakati silabi zinabadilika ndiyo inayomtoa mtoto kwenye kuimba na kumwingiza kwenye kusoma.

Majedwali

Kuimba "tatu mara moja tatu, tatu mara mbili sita" kuna kasoro ya wazi: majibu hayalingani urefu. "Sita" ni mizani 2, "ishirini na moja" ni 7. Darasa linalazimika kukimbiza majibu marefu, na hayo ndiyo yanayopotea. Tumia mwito na mwitikio. Kiongozi anaimba swali kwa makofi manne, wanafuata makofi manne matupu ya kufikiri, halafu makofi manne ya kujibu, jibu likianza kwenye kofi la kwanza na kuchukua nafasi linayohitaji.

Yale makofi matupu ndiyo kiini. Wiki ya kwanza yawe manne. Wakizoea, punguza yawe mawili, kisha yaondoe. Kuanzia siku ya pili maswali yasifuate mpangilio: mara 2, mara 5, mara 10, kisha mara 4, mara 9, na mara 7 mwishoni, maana mara 7 na mara 8 huchelewa kushika. Mstari mmoja wa madawati unauliza, mwingine unajibu. Mtoto anayejibu ndani ya darasa zima anaweza kuchezesha mdomo mwaka mzima bila kugundulika. Ndani ya mstari wa watoto kumi hawezi.

Sauti iliyorekodiwa

Kufundisha kwa sauti tupu si jambo geni kwetu. Miaka ya 1980 Kenya ilijaribu kufundisha Kiingereza madarasa ya chini kwa redio, na Zanzibar baadaye ikawa na vipindi vya Tucheze Tujifunze kwa watoto wadogo. Siri ya vipindi hivyo ni ukimya: msimulizi anauliza, anaacha nafasi, watoto wanajibu, kisha anatoa jibu sahihi. Rekodi isiyo na nafasi za kujibu inawafanya watoto wasikilizaji tu, na baada ya dakika nne si wasikilizaji tena.

Sababu kubwa ya kurekodi ni matamshi. Mwalimu ambaye lugha yake ya kwanza haitofautishi r na l hawezi kufundisha "kula" na "kura" kwa mdomo wake, hata awe hodari vipi kwa mengine. Aombe mwenzake anayetofautisha arekodi jozi hizo: kula na kura, mahali na mahari, fua na vua, na kwa darasa la tatu thamani na samani. Kila neno lisemwe mara mbili, na sekunde 3 za ukimya baada yake.

Namna ya kurekodi kwa simu:

1. Tafuta chumba chenye godoro, nguo au mapazia. Ukuta mtupu unarudisha mwangwi ambao masikio yako huzoea lakini spika huukuza. Kutundika khanga mbili nyuma ya msemaji kunasaidia zaidi ya inavyodhaniwa.
2. Zima mtandao wote. Mlio wa ujumbe katikati ya hadithi utachekesha darasa kila rekodi inapochezwa.
3. Weka simu umbali wa kiganja kilichonyooshwa kutoka mdomoni, ikiwa pembeni kidogo. Ikiwa mbele kabisa, p na b zitapiga kama ngumi.
4. Soma taratibu, kama maneno 80 hadi 90 kwa dakika. Hadithi ya dakika mbili ni maneno 170 hivi, na inatosha darasa la pili.
5. Baada ya swali hesabu kimoyomoyo hadi 5. Kama wanatakiwa kuandika neno, hesabu hadi 15. Utaona ni ukimya mrefu kupita kiasi, lakini darasani utakuwa sawa.
6. Sikiliza kupitia spika utakayotumia. Visikivyo vya masikioni husifia kila rekodi.

Faili ndizo zinazowakwamisha wengi. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp huhifadhiwa kwa muundo wa opus, ambao spika nyingi za bei nafuu hazisomi, na simu nyingi hurekodi kwa m4a, yenye tatizo hilohilo. Badili kuwa MP3. Programu ya bure ya Audacity kwenye kompyuta inafanya kazi hiyo. Kwa sauti ya kuongea, chaneli moja na kilobiti 64 kwa sekunde vinatosha. Dakika 10 zinachukua takriban MB 5, na flashi ya GB 4 itabeba zaidi ya saa 100. Flashi iwe imepangwa kwa mfumo wa FAT32. Zile za GB 64 na zaidi kwa kawaida huja na exFAT, na spika itakaa kimya kana kwamba hukuchomeka kitu. Majina yaanze na namba, 01, 02, 03, na yanakiliwe kwenye flashi moja baada ya jingine kwa mpangilio huo, kwa sababu vichezeo vingi huchezesha kwa kufuata faili iliyotangulia kunakiliwa bila kuangalia jina.

Spika na kipindi chenyewe

Simu peke yake inatosha kundi la watoto 8 hadi 10 waliokaa duara. Kwa darasa zima tafuta spika ya wati 5 hadi 10 yenye betri. Usiiweke sakafuni, kwani miili ya mstari wa mbele itaumeza mlio, wala usiiegemeze kwenye dirisha la bati linalotetemeka. Iweke juu ya meza, usawa wa vichwa vya watoto waliokaa au juu kidogo. Tembea hadi dawati la mwisho usikilize ukiwa umeinama kwa kimo cha mtoto. Tumia waya au flashi badala ya blutuuthi ukiweza, kwa sababu mwalimu wa chumba cha pili akiunganisha simu yake kimakosa, darasa lako litasikia asichokusudia. Kipimo cha ukubwa wa sauti: kama inabidi upaze sauti ili mtu aliye umbali wa mkono akusikie, punguza.

Rekodi isizidi dakika 10 hadi 12 za kipindi. Kabla ya kuicheza, andika maneno matatu magumu ubaoni na uwape swali moja la kusikilizia: "Nani aliiba embe?" Mara ya kwanza wasikilize bila kalamu. Mara ya pili simamisha katikati na uulize kitakachofuata. Ya tatu iwe ya kuhakiki tu, na irukwe kama wote wameshika. Muda unaobaki ni wa kusoma na kuandika yale waliyosikia. Usichezeshe muziki watoto wanaposoma kimya au kuandika, hasa wenye maneno. Maneno ya wimbo na maneno ya kitabu yanagombania nafasi ileile kichwani.

Yanayoharibu, na la kufanya

Mvua kwenye bati inaua sauti yote. Uwe na kipindi cha akiba cha vitendo na kadi, na usishindane nayo kwa kuongeza spika.

Ukuta usiofika juu unataka mapatano. Madarasa mawili yanayopakana yaimbe saa ileile, na yasome kimya saa ileile. Bandikeni ratiba hiyo mlangoni.

Mtoto asiyesikia vizuri akae anapouona mdomo wako, ambapo si lazima pawe karibu na spika. Mruhusu aweke kiganja juu ya dawati au ngoma apate mapigo, na maneno yawe ubaoni daima. Yuko pia anayeziba masikio kelele zikizidi. Mweke karibu na mlango, usimlazimishe.

Wazazi wengine hawataki ngoma au kuimba kwa sababu za dini. Kughani kwa mapigo bila ala kunafanya kazi karibu yote, na watoto wanaosoma chuoni (madrasa) tayari wana sikio la mfululizo unaoghaniwa. Wakati wa Ramadhani punguza nyimbo za kupaza sauti mchana.

Lahani ya Bongo Fleva inavuta darasa mara moja, lakini inakuja na maneno yake ya asili, na wewe ndiye utakayeulizwa. Ukirekodi watoto wakiimba, zibaki kuwa zana za darasa. Usizipandishe mtandaoni bila idhini ya wazazi na mwalimu mkuu.

Kupima

Andika silabi au maneno 10 kwenye kadi moja, bila mpangilio wa wimbo. Kila siku waite watoto watano mezani, mmoja mmoja, dakika moja kwa kila mmoja, wengine wakiandika. Darasa la watoto 70 linakwisha kwa siku 14 za shule. Weka alama tatu tu kwenye daftari: anasoma papo hapo, ananong'ona wimbo kwanza, hajui. Kundi la katikati ndilo la kulitazama. Hao hawahitaji wimbo mwingine wala kurudia huu. Warudishe kwenye kazi za siku ya tatu na ya nne, na kadi mpya. Wakifika 8 kati ya 10 bila kunong'ona, acha kuuimba wimbo huo kwenye somo na uupeleke kwenye mstari wa asubuhi.